Barua ya Derby: Mtetemo Unavyotiwa Adabu

Derby, Uingereza

Shemeji yangu,

Kijana wangu hajambo, masomo yanakwenda, na mwambie shangazi yake aache kuwaza: anakula, tena ugali anausonga mwenyewe. Kilichoharibika ni lafudhi tu. Akiongea na wenzake naambulia nusu, nusu nyingine naitikia kwa kichwa.

Ulinikataza nisirudi na picha za makanisa peke yake. Ukasema, wewe unaenda mji wa injini, niletee habari za injini. Nimetii, ingawa kanisa moja itabidi ulivumilie, maana juu ya mnara wa kanisa kuu la hapa wanazaliana kozi, wale ndege wawindaji, na watu wanasimama chini shingo juu wakisubiri mmoja ashuke na njiwa. Nami nilisimama. Sikuona kitu zaidi ya wingu.

Kutoka London nilipanda treni kituo cha St Pancras, saa moja na nusu hivi nikawa nimefika. Njia nzima ni majani, kondoo na ukungu. Kondoo ni jambo zito hapa: timu ya mpira ya mji, Derby County, jina lake la utani ni Kondoo Dume, na mtu mzima na mvi zake anavaa skafu yenye picha ya kondoo bila haya. Nilijaribu kuwaeleza wenyeji dabi yetu ya Kariakoo; walinisikiliza kwa adabu tu.

Rolls-Royce walihamia Derby mwaka 1908, enzi hizo wakitengeneza magari. Walipoingia kwenye injini za jeti wakazipa majina ya mito. Mto unaokatiza mji huu unaitwa Derwent, na injini ya Derwent ilikuwapo. Kusini kidogo unapita Trent, na jina hilo wewe huna haja ya kuelezwa: Trent 1000 ndiyo injini ya Dreamliner za Air Tanzania, zile tulizoanza kuzipokea Julai 2018.

Basi kando ya Derwent, mahali palipojengwa kiwanda cha hariri cha mwaka 1721, kimojawapo cha viwanda vya mwanzo kabisa duniani, sasa pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2021, Museum of Making. Ukiingia, cha kwanza ni kuinua kichwa: Trent 1000 nzima, tani 7 hivi, imening'inizwa juu yako. Nilijisogeza pembeni kidogo. Si kwa woga, shemeji, ni tahadhari ya mtu aliyefundisha mitambo maisha yake yote.

Alinipokea mzee mmoja anayejitolea kuwaeleza wageni, mstaafu wa karakana ya balansi. Nilipomwambia kwamba shemeji yangu anakesha na turbini ya gesi Dar es Salaam, akasahau wageni wengine wote. Tukakaa kwenye benchi chini ya ile injini na kipande cha karatasi.

Ndani ya Trent 1000 kuna shafti 3, moja ndani ya nyingine. Ya feni ya mbele inazunguka kama mara 2,700 kwa dakika, ya katikati karibu mara 8,900, na ya shinikizo la juu zaidi ya mara 13,000. Tena hiyo ya mwisho inazunguka kinyume na wenzake. Sasa piga hesabu tuliyoipiga sisi. Chukua gramu 1 iliyozidi upande mmoja, sentimita 30 kutoka katikati, kwenye rota inayokwenda mara 13,000 kwa dakika. Nguvu inayovuta kwenda nje inazidi nyutoni 550, sawa na kuning'iniza kilo 57 hivi. Na mzigo huo hautulii upande mmoja. Unaizunguka beringi zaidi ya mara 216 kila sekunde. Ukiongeza kasi mara 2, nguvu inakuwa mara 4. Gramu 1 tu, shemeji.

Kwa hiyo adabu ya kwanza ni balansi. Kazi yenyewe unaifahamu kwa fundi wa matairi, anayezungusha gurudumu kwenye mashine halafu akabandika vipande vya risasi kwenye ringi. Tofauti iko kwenye vipimo. Feni ya Trent 1000 ina bledi 20, na kila moja hupimwa si uzito wake tu, bali pia uzito huo umekaa umbali gani kutoka katikati. Ndipo hupangwa, nzito ikitazamana na nzito mwenzake. Ndege wa angani akigonga bledi ikabidi ibadilishwe, mara nyingi hubadilishwa pamoja na ile ya upande wa pili ili mizani isivurugike. Na injini ikiwa tayari bawani, bado kuna nafasi ya kurekebisha: fundi hufunga vyuma vidogo kwenye pua ya feni kufuatana na namba zilizorekodiwa safarini.

Kwa turbini za umeme kiwango kinachotumika sana ni kile ISO wanachokiita G2.5. Ukikitafsiri kwa rota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kitovu cha uzito hakiruhusiwi kukaa mbali na mhimili wa mzunguko zaidi ya mikroni 8. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Ukiona mtu anafuta rota kwa kitambaa kabla ya kuiweka kwenye mashine ya balansi, usimcheke.

Lakini hata ukibalansi ukamaliza, kazi haijaisha, kwa sababu shafti yenyewe ina tabia zake. Hilo nililiona chuoni kwa kijana, na ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Wana kamtambo ka kufundishia: mota ndogo, shafti nyembamba ya milimita 10, na katikati sahani ya chuma yenye matundu ya skrubu ukingoni. Vyote vimefunikwa kwa kioo cha plastiki. Sahani ina alama ya rangi nyeupe, na taa inayowakawaka kwa kasi ileile ya mzunguko inaifanya ile alama ionekane imesimama.

Kijana akafunga skrubu 1 upande wa ile alama, akaanza kuongeza kasi. Mara ya kwanza hakuna cha ajabu. Shafti inang'aa, imenyooka. Kisha meza ikaanza kuvuma. Shafti ikapoteza ukingo wake, katikati ikatanuka na kuwa kivuli kipana, na sahani ikawa inagonga pete ya kuizuia, ta-ta-ta-ta. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Yeye badala ya kupunguza akaongeza. Sekunde moja, mbili, vurugu ikakatika. Kasi imepanda karibu mara 2 na shafti imetulia kabisa, kana kwamba hakuna skrubu. Na ile alama nyeupe, ambayo mwanzo ilikuwa inatazama upande ambao shafti imepinda, sasa ilikuwa upande wa pili kabisa.

Kinachotokea ni hiki. Kila shafti pamoja na mzigo wake ina kasi yake ya asili ya kutikisika. Mzunguko ukilingana na kasi hiyo, kila mzunguko unaongezea msukumo juu ya ule uliopita, na mtetemo unakua. Ukiivuka, upande mzito unageuka kuwa wa ndani, sahani inajizungusha kwenye kitovu chake cha uzito, na shafti inakubali kupinda kidogo ili iifuate. Wahandisi wa zamani hawakuamini. Rankine aliandika mwaka 1869 kwamba juu ya kasi hiyo shafti haiwezi kukimbia salama. Msweden Gustaf de Laval akaikimbiza. Mwaka 1889 aliipa turbini yake ya mvuke shafti nyembamba inayopindika, na turbini zake zikafika mizunguko 30,000 kwa dakika. Nadharia iliyoeleza vizuri kwa nini inawezekana ilikuja baadaye, kwenye andiko la Henry Jeffcott la mwaka 1919. Fundi alitangulia, hesabu ikamfuata miaka 30 nyuma.

Injini nyingi za leo hufanya kazi juu ya kasi mojawapo ya hizo za hatari. Maana yake, kila ukiwasha na kila ukizima lazima upite palepale. Sheria ni fupi: pita, usipige kambi.

Na ili kupita kusiwe kwa maumivu, wakaweka oili. Hapa narudi kwa mzee wangu wa makumbusho, maana jambo hili ni la Derby. Turbini kubwa za mvuke hukaa kwenye beringi za metali laini zenye oili ndani yake, na oili hiyo humeza sehemu ya mtetemo. Injini ya ndege hutumia beringi za gololi na za roli, na gololi haimezi chochote. Mtetemo unapita moja kwa moja hadi kwenye ganda la injini. Mwaka 1963 Cooper, mhandisi wa Rolls-Royce, alichapisha majaribio ya dawa yake: pete ya nje ya beringi isikazwe kwenye nyumba yake, bali iachwe ielee ndani ya utando wa oili, ikizuiwa tu isizunguke. Shafti ikitikisika, pete inaibana oili. Oili inalazimika kupenya kwenye nafasi finyu, na nguvu ya mtikisiko inaishia kuwa joto linaloondoka na oili hiyo.

Mzee alikuwa na pete 2 za namna hiyo kwenye sanduku lake. Akaziingiza, moja ndani ya nyingine, akanipa. Nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaona chuma tu. Akatoa filageji, akachagua kibapa cha 0.10, kikaingia kwa shida na kukwama. Sehemu ya kumi ya milimita! Hiyo ndiyo nafasi yote waliyoipa oili. Ikizidi sana, oili inatoka bila kufanya kazi. Ikipungua sana, pete inakuwa kama imekazwa na umerudi ulikotoka. Shinikizo la oili likishuka, mtetemo unapanda. Ukiona vipimo hivyo 2 vinaachana kwa wakati mmoja, unajua pa kuanzia kutafuta.

Hadi hapo tumeongelea shafti. Bledi nazo zina kesi yao, na ni ngumu zaidi, kwa sababu balansi haizisaidii. Bledi ni kipande cha chuma kilichoshikwa upande mmoja; ukikigonga kinalia kwa sauti yake. Ndani ya injini kinachoigonga ni hewa na gesi inayopita kwenye nguzo na matundu yaliyo mbele yake. Masafa ya mapigo hayo yakilingana na sauti ya bledi, inatikisika hadi ipate ufa. Mwaka 1924 Wilfred Campbell wa General Electric, Marekani, aliyekuwa akichunguza magurudumu ya turbini za mvuke yaliyokuwa yakipasuka, alichora mchoro ambao wanafunzi wanauchora hadi leo: upande mmoja kasi ya mzunguko, upande mwingine masafa, na kila mstari wa mapigo unapokatana na mstari wa sauti ya bledi ni mahali pa kuogopa.

Kisa kinachonichekesha na kunitisha ni cha Wajerumani. Injini ya Jumo 004, iliyobeba ndege ya Me 262, ilianza kuvunja bledi za turbini mwaka 1943. Ilikuwa na vyumba 6 vya kuunguzia mafuta. Kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, yaani 150 kwa sekunde, kila bledi ilikuwa inapita mbele ya vyumba hivyo mara 900 kila sekunde, na sauti yake ya asili ilikuwa imeangukia kwenye mapigo ya namna hiyo. Vifaa vya kupimia vilikuwa haba. Anselm Franz, mkuu wa mradi, alisimulia baadaye kwamba walimwita mwanamuziki. Akazipitishia bledi upinde wa fidla, akasikiliza kwa sikio lake lililozoea noti, akawatajia sauti zake. Dawa ikawa ya namna 3: bledi zikachongwa ziwe nyembamba zaidi kuelekea nchani, zikafupishwa milimita 1, na kasi ya juu ikashushwa kutoka 9,000 hadi 8,700. Milimita 1 na mizunguko 300. Ukitazama mchoro wa Campbell unaelewa: hawakuondoa mapigo, walihama kutoka mahali ambapo mistari inakatana.

Pale isipowezekana kuhama, bledi huwekewa msuguano. Chini ya bledi za turbini huwekwa vipande vidogo vya chuma. Rota ikizunguka, vinabanwa kwa nguvu ya kwenda nje, na bledi ikitaka kutikisika inasugua chuma na kupoteza nguvu. Feni za zamani zilikuwa na vishikizo katikati ya bledi, zikishikana zote duara nzima. Vilisaidia, ila vilizuia hewa. Mwaka 1984, kwenye injini ya RB211-535E4, Rolls-Royce wakaviondoa na kuleta bledi pana za titani zilizo wazi ndani, ngumu za kutosha kujitegemea.

Usidhani basi kwamba leo wamemaliza. Trent 1000 yenyewe, ile iliyoning'inia juu ya benchi letu, imewatesa. Aprili 2018 mamlaka za anga zilitangaza kwamba kwenye toleo moja la injini hiyo bledi za hatua ya pili za kompresa ya katikati zinapata nyufa. Sababu ni ileile ya Jumo: kwa nguvu kubwa, kwenye joto na kimo fulani, hewa inapiga kwa masafa ya bledi. Tena ubaya wake ukawa hapa: injini moja ikizimika katikati ya bahari, iliyobaki huongezewa nguvu kwa muda mrefu, na hapo ndipo inapoingia kwenye eneo hilo la hatari. Ndiyo maana FAA ya Marekani iliziamuru ndege zenye toleo hilo zisiwe mbali na uwanja wa kutua zaidi ya dakika 140, wakati awali ziliruhusiwa dakika 330. Bledi zikachorwa upya. Kompyuta zote walizo nazo, na bado mistari ilikatana mahali ambapo hawakupategemea. Nilimuuliza mzee kama hilo halimtii aibu kwa ajili ya kiwanda chake. Akasema mtetemo hauondolewi na mtu. Unachoweza ni kuchagua ukutane nao wapi, na uwe umejiandaaje. Nimekubaliana naye.

Nawe usiseme hayo ni ya ndege. Turbini ya LM6000 inayofua umeme katika nchi nyingi imetokana na injini ya CF6-80C2 iliyobeba Boeing 747 na 767. Ni damu moja. Kwa hiyo, shemeji, ninayokuandikia hapa chini yabandike kwenye ukuta wa chumba cha udhibiti, sema yametoka Ulaya wakuheshimu.

Kwanza, mkizima mtambo, mota ya kuizungusha rota polepole isizimwe hadi rota ipoe. Joto hupanda, rota ikisimama, upande wa juu unabaki na moto kuliko wa chini, na shafti inapinda. Ukiwasha na shafti iliyopinda, unaivukisha kasi ya hatari ikiwa tayari haina balansi. Hata injini za Airbus A320neo, zile za Pratt & Whitney, mwaka 2016 zilisumbua mashirika kwa sababu hiyo; ilibidi zizungushwe dakika kadhaa kabla ya kuwaka.

Pili, usiangalie ukubwa wa mtetemo peke yake. Angalia na pembe yake, yaani upande gani wa rota unaoongoza. Ukubwa ukibaki uleule na pembe ikahama, kuna kitu kimehama ndani: bledi imepungua kipande, au ufa umefunguka.

Tatu, mabadiliko ni habari hata yakiwa ya kushuka. Kiwango cha ISO 20816 kinasema wazi kwamba badiliko kubwa la ghafla lichunguzwe, liwe la kupanda au la kushuka, hata kama namba bado iko ndani ya mipaka. Mtetemo ukishuka ghafla, wengi hushangilia. Ninyi msishangilie.

Nne, na hili ndilo kubwa: kuna mahali wakisumbuliwa na kengele huinua mpaka wa kengele. Hata sitawataja. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wa rota inayokwenda mara elfu nyingi kwa dakika hausubiri mguu uvimbe. Kihisi kikisema, kiulize kwanza kinaona nini. Kikithibitika kibovu, kibadilishwe; kikiwa kizima, mtambo uzimwe ufunguliwe. Gharama ya kuzima siku chache inajulikana. Rota ikipasuka, gharama yake hailipwi kwa fedha tu, maana mnakaa jirani nayo.

Mwambie dada yangu vitambaa alivyoagiza nimeviona, bei ndiyo imenikimbiza. Kijana anakusalimia, anasema ukistaafu uje ukae kwenye benchi na yule mzee. Mpaka ustaafu, namba ya kengele usimruhusu mtu aiguse.

Shemeji yako